Kilometa Tatu na Kilometa Kumi: Mipaka ya Wafugaji Homa ya Ndege Inapozuka

Homa kali ya mafua ya ndege inapozuka katika shamba moja, ndege wa shamba hilo huuawa. Sababu yake haihitaji maelezo marefu. Jambo linaloleta manung'uniko ni amri inayowafikia majirani. Mtu mwenye kuku sita tu, wote wazima, anayeishi kilometa mbili kutoka hapo, hukatazwa kuwaachia wazurure, kuwauza, au hata kumpelekea ndugu yake jogoo mmoja wa zawadi. Mtu huyo hana kosa lolote. Amri hiyo haikutungwa ili kumwadhibu, bali imetokana na tabia ya virusi vyenyewe.

Tabia ya virusi

Ugonjwa huu husababishwa na virusi vya mafua vya aina A. Virusi hivyo huainishwa kwa protini mbili za ganda lake la nje, zinazotambulishwa kwa herufi H na N. Ndiyo asili ya majina kama H5N1 na H5N8. Ndege aliyeambukizwa hutoa virusi katika kinyesi na katika majimaji ya pua na mdomo. Katika maji baridi virusi huweza kuishi kwa majuma kadhaa, lakini nyama iliyopikwa hadi kufikia sentigredi 70 katika kila sehemu yake haina virusi hai.

Mambo mawili hapana budi yakumbukwe. Kwanza, baadhi ya bata na ndege wengine wa majini hubeba virusi bila kuonyesha dalili. Pili, hata kuku huweza kutoa virusi kabla hajaonekana mgonjwa. Kwa hiyo, siku vifo vya kwanza vinapogunduliwa, yamkini virusi vimekwisha kuondoka shambani vikiwa vimenata kwenye viatu, magurudumu, matenga au trei za mayai. Uzima wa kuku wa jirani hautoshi kuwa ushahidi.

Mfano wa Holton

Mwezi wa Februari 2007 virusi vya H5N1 vilithibitishwa katika shamba la bata mzinga huko Holton, jimbo la Suffolk, Uingereza. Ndege wapatao 160,000 waliuawa. Wakuu wa mifugo walichora maduara mawili kuzunguka shamba: eneo la ulinzi, lenye nusu kipenyo cha kilometa 3, na eneo la uangalizi, lenye nusu kipenyo cha kilometa 10.

Uchunguzi ulionyesha kwamba virusi vya Holton vilifanana kwa asilimia 99.96 na vile vilivyowaua bata bukini nchini Hungaria mwezi wa Januari mwaka huo huo. Ingawa haikuthibitishwa kabisa, njia iliyoelekea zaidi kuwa ya kweli ilikuwa nyama ya bata mzinga iliyosafirishwa kutoka Hungaria. Basi ni dhahiri kwamba safari za binadamu na bidhaa zake ni za kuogopwa sawasawa na mbawa za ndege.

Hesabu ya maduara

Eneo la duara hupatikana kwa kuzidisha 3.14 kwa mraba wa nusu kipenyo. Duara la kilometa 3 lina kilometa za mraba 28.26, la kilometa 10 lina 314. Nusu kipenyo kimeongezeka mara tatu na kidogo, lakini eneo limeongezeka mara kumi na moja. Kila kilometa inayoongezwa huwatia wafugaji wengi zaidi katika amri; ndiyo sababu masharti makali huwekwa katika duara dogo, na yaliyo mepesi kiasi katika duara kubwa.

Wajibu wa mfugaji

Katika eneo la ulinzi ndege hufungiwa bandani au hutengwa na ndege wa mwituni. Viatu na magari husafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, na wageni huandikwa daftarini. Ndege, mayai na nyama havihamishwi bila kibali. Katika maeneo yote mawili minada na maonyesho ya ndege hupigwa marufuku. Kwa sheria za Ulaya za wakati ule, masharti ya duara dogo yalidumu kwa siku zisizopungua 21 baada ya shamba kusafishwa kwa mara ya kwanza, na ya duara kubwa siku 30.

Kutoa taarifa mapema kuna faida. Nchini Uingereza fidia hulipwa kwa ndege wanaouawa wakiwa wazima, wala si kwa waliokwisha kuugua. Anayeficha vifo hupoteza ndege na fidia pia.

Afrika Mashariki haiko mbali na jambo hili. Mwezi wa Januari 2017 virusi vya H5N8 vilitambuliwa nchini Uganda, kwa ndege wa mwituni katika ghuba ya Lutembe ya Ziwa Victoria na kwa ndege wa kufugwa huko Masaka. Kenya ilisimamisha uingizaji wa kuku kutoka Uganda. Penye kuku wa kienyeji wanaojitafutia chakula, kuwafungia ni gharama kubwa, kwani chakula chao chote hutoka mkononi mwa mfugaji. Hata hivyo, ndege wa mwituni hawezi kuzuiwa angani. Tenga la kuku laweza kuzuiwa njiani.

Maswali

1. Tafuta ukubwa wa sehemu ya eneo la uangalizi iliyo nje ya eneo la ulinzi.
2. Kwa nini kuku mzima anaweza kuwa hatari?
3. Taja njia tatu ambazo mtu huweza kuhamisha virusi bila kuhamisha ndege.