Dondoo Muhimu: Kuzungumza Habari za Tabianchi Barazani

Atakaye kuzungumza na jirani zake juu ya mabadiliko ya tabianchi asianze kwa kutia hofu wala kwa hesabu za mbali, bali awaulize wazee waliokaa barazani baada ya sala ya alasiri, zama za ujana wao bahari ilikuwa ikifika wapi, na ni kisima gani kilichokuwa kikitoa maji matamu ambacho sasa kina chumvi. Kisha anyamaze, asikilize, kwani mtu husadiki kwa yakini lile alilolishuhudia kwa macho yake.

Hapo ndipo pa kuleta mfano wa Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, ambako tangu mwaka 2013 wanakijiji, kwa mradi uitwao Mikoko Pamoja, huhifadhi hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa miti hiyo pamoja na tope lililo chini yake huishika hewa ukaa isirudi angani, huuza hati za hewa ukaa iliyohifadhiwa hivyo kwa wanunuzi, na fedha zipatikanazo zimetumika kwa maji na skuli. Kwa rai yangu, habari hii ina nguvu kuliko hotuba kumi.

Mkiazimia nanyi kupanda mikoko, waulizeni kwanza wavuvi na wakata boriti wa zamani: mlilana ndio ustahimilio mawimbi ya mbele, mkandaa hupenda upande wa bara, na mche uliotiwa mahali pasipo pake hufa. Na kabla majlisi haijavunjika, wekeni siku, saa ya maji kupwa, na jina la atakayeleta mbegu.