Dondoo Muhimu: Daktari wa Kumwamini
Mashinani kama Marafa, pwani ya Kenya, mara nyingi utahudumiwa na afisa wa kliniki au muuguzi, na hilo si kasoro. Anayefaa hukuuliza dawa unazotumia, zikiwemo za mitishamba, bila kukukaripia, kisha hukueleza ugonjwa kwa Kiswahili au Kigiriama hadi uelewe. Akiandika dawa kabla hujamaliza kujieleza, tafuta mwingine. Mkataba wa haki za wagonjwa wa 2013 unakuruhusu kutafuta maoni ya daktari wa pili. Ila usiondoke mikono mitupu: omba barua ya rufaa na nakala za vipimo, uende navyo hospitalini Malindi. Kwenye kliniki ya kibinafsi, uliza leseni ya mwaka huu. Na dawa za presha au sukari usizikatize ukingoja miadi mipya.