Kufundisha Ramani kwa Punje za Mchanga wa Jangwani

Mwanafunzi akiulizwa jangwa ni nini hujibu kwamba ni mchanga mtupu. Mwalimu asilipitie jibu hilo haraka. Kwanza, sehemu kubwa ya majangwa ya dunia ni mawe na changarawe. Pili, hata mchanga wenyewe si wa namna moja.

Ralph Bagnold, afisa wa jeshi la Uingereza aliyesafiri kwa gari katika jangwa la Libya miaka ya 1920 na 1930, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1941. Vumbi jepesi hupeperushwa mbali. Punje za wastani huenda kwa kurukaruka karibu na ardhi. Zilizo kubwa hutambaa tu, zikisukumwa na zile zinazoruka. Kwa kipimo kinachotumika sana, mchanga ni punje zenye kipenyo cha kuanzia 1/16 ya milimita hadi milimita 2. Basi upepo ni chekecheo, na tuta la mchanga ni kazi yake.

Lakini chekecheo hili halipangi kirahisi. Upande wa demani, yaani ule uliokingwa na upepo, mchanga huporomoka, na punje kubwa hubingirika hadi chini. Katika viwimbi vidogo vilivyo juu ya tuta hilo hilo, punje kubwa hukaa migongoni. Konzi mbili kutoka tuta moja zaweza kutoa majibu mawili, yote ya kweli. Kwa hiyo kabla ya rangi yoyote kupakwa, ramani haina budi kuonyesha kila konzi ilitekwa wapi. Tumeona ramani za kupendeza mno ukutani zisizo na hata alama moja ya namna hiyo.

Tulio mbali na jangwa, nao ndio wengi wetu, tutumie ukingo wa mto au ufuko, tukiwaeleza watoto kwamba huko mchambuaji mkuu ni maji. Wapige mambo kumi na mbili au zaidi, wateke ngozi ya juu tu, kwani kuchimba huchanganya tabaka za siku mbalimbali. Mchanga ukaushwe, uchekechwe kwa chekecheo la unga kisha kwa kitambaa chembamba, na kila fungu lipimwe. Punje chache za kila fungu zigandishwe kwa gundi kwenye kadi, iwe ya kulinganishia.

Ugumu huja wakati wa kuchora mistari kati ya namba. Watoto wawili, kwa namba zile zile, watachora mistari tofauti. Mwalimu asiamue nani amepatia. Awaulize: konzi nyingine moja ingetekwa wapi ili ugomvi huu uishe? Swali hilo lina thamani kuliko ramani yenyewe. Kipindi kikikwisha kabla hawajakubaliana, namba zibaki ubaoni, na kesho warudi ukingoni na mfuko mmoja tu.