Mashini ya kahawa ya mpini: ondoa nguvu kwanza, safisha kisha



Kazini unajua sheria hii: hakuna mtu anayeingiza mkono katika mashini mbele ya kuzima umeme, kufunga kufuli na kuhakikisha kwamba hakuna nguvu iliyobaki ndani. Je, ukifika nyumbani ao kwenye serkle, sheria hiyo unaiacha mlangoni? Leo tunakufundisha juu ya mashini ndogo isiyoogopesha mtu: mashini ya kahawa yenye mpini mrefu wa kuvuta, iliyotumika kwa wengine na ambayo wewe umeinunua tena.

INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Mashini za namna hii zilianza kuenea kisha vita, mwaka 1948, wakati Achille Gaggia wa Milano, Italia, alipotoa mashini zenye resori. Ndani mna chungu kilichofungwa, mara nyingi cha shaba, ile ile tunayoijua sisi. Umeme unachemsha maji humo mpaka mvuke unafika nguvu ya karibu bari 1. Ukivuta mpini chini, unabana resori, na maji moto yanaingia juu ya kahawa. Ukiurudisha polepole, resori inasukuma pistoni, na maji yanapita katika kahawa kwa nguvu ya karibu bari 9.

Fanya hesabu: bari 9 ni kama kilo 9 juu ya kila santimetre mraba. Pistoni yenye upana wa santimetre 5 inasukumwa basi kwa nguvu ya karibu kilo 180!

NGUVU TATU ZINAZOJIFICHA

Umeme. Katika mashini ya zamani, mpira wa waya unakauka na kupasuka. Waya ya udongo inaweza kuwa imekatika. Umpe fundi wa umeme aangalie mbele ya kuiwasha mara ya kwanza.

Mvuke. Lubumbashi, mji ulio juu ya mita 1.200 hivi, maji ya sufuria wazi yanachemka karibu na digri 96. Katika chungu kilichofungwa, kwa bari 1, yanapita digri 115. Ukifungua kifuniko wakati huo, sehemu ya maji inageuka mvuke mara moja na kukurukia usoni.

Resori. Ukivuta mpini pasipo kahawa katika chujio, pistoni haipati kizuizi. Mpini unarudi juu kwa ghafula, nao unaweza kuvunja meno ao taya. Usiuachilie ovyo, na usiinamishe uso juu yake.

MPANGO WA KUSAFISHA

1. Toa fishi. Acha mashini ipoe. Kisha fungua robine ya mvuke mpaka hakuna kinachotoka tena. Usitegemee manometa peke yake: sindano ya zamani inaweza kukwama kwenye ziro.

2. Kila siku, mwaga kahawa iliyobaki, osha chujio na panguza fasi chujio linapofungwa. Bomba la mvuke lililogusa maziwa lipanguzwe mara moja, na mvuke upitishwe kidogo.

3. Chokaa ikigandama katika chungu, tia gramu 20 hadi 30 za asidi ya sitriki katika kila litre ya maji. Acha kwa nusu saa, mwaga, kisha suuza mara nyingi. Kahawa za kwanza usizinywe: vipande vya zamani vya shaba ya njano vinaweza kuwa na risasi, na asidi inaitoa. Asidi na maji ya javeli visikutane hata kidogo, maana vinatoa gazi ya sumu.

4. Supapa ya usalama isizibwe kamwe, hata kama inavuja. Ikivuja ao ikikwama, ibadilishwe.

5. Mipira iliyokauka ibadilishwe. Upake mafuta ya silikoni yanayofaa kwa chakula, si mafuta ya motokari.

6. Resori imebanwa hata wakati mpini umesimama juu. Usifungue visi zake. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chombo cha kuibana.

7. Chungu cha zamani kikivikwa nguo ya rangi nyeupe ao ya majivu, usiikwangue. Inaweza kuwa amianti, na vumbi lake linaua mapafu polepole, sawa na vumbi la mawe.

8. Mbele ya kuwasha tena, angalia maji katika kioo. Chungu kikikauka, kipande kinachopasha moto kinaungua.

UKIUNGUA

Toa saa na pete. Tia mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, nenda kwenye dispansari. Kama ni uso, macho ao mkono mzima, usingoje.

Soma mpango huu pamoja na watu wa nyumbani, maana mashini haijui nani ni fundi na nani ni mtoto. Kipande cha mashini kinauzwa sokoni, jicho haliuzwi.