Kufundisha Upanuzi wa Mapatano ya Uchambuzi wa Programu Pasipo Kompyuta

Mwanachuo anayekwenda kufanya mazoezi ya kufundisha katika milima ya Uluguru, iwe Kinole au Nyandira, huenda akakabidhiwa darasa lisilo na kompyuta hata moja. Hiyo si sababu ya kuwakaririsha watoto majina ya sehemu za mashine ambayo hawajapata kuigusa. Makala haya yaeleza somo moja linaloweza kufundishwa kwa chaki na vipande vya karatasi: jinsi mchambuzi wa programu anavyozungumza na kihariri, na jinsi mazungumzo hayo yanavyoweza kupanuliwa bila ya kuvunjwa.

Kwanza mwalimu mwenyewe hana budi kulielewa jambo. Kihariri ni programu ya kuandikia. Mchambuzi ni programu nyingine, nayo huisoma kazi iliyoandikwa na kuonyesha makosa. Zamani mchambuzi wa kila lugha alihitaji kuunganishwa upya na kila kihariri. Lugha 10 na vihariri 6 vilidai viunganishi 60. Mwaka 2016 kampuni za Microsoft, Red Hat na Codenvy zilitangaza Itifaki ya Seva ya Lugha, yaani mapatano ya pamoja juu ya namna ya kupelekeana habari. Kila upande ukiyafuata, zatosha kazi 16. Hesabu hii isipitwe haraka. Watoto wa milimani huielewa wakichorewa vijiji 10 na magulio 6: njia za moja kwa moja ni 60, bali zikikutana kwenye njia panda moja ni 16 tu.

Sasa ligawe darasa. Kundi la Kihariri likae karibu na ubao, kundi la Mchambuzi likae nyuma, na watoto wawili wawe matarishi. Kihariri waandike: Kitabu imeanguka. Mchambuzi wasiseme neno, ila wajaze karatasi: mstari 0, kutoka 7 hadi 16, uzito 1, upatanisho wa ngeli. Katika itifaki, uzito 1 ni kosa, 2 ni onyo, 3 ni habari na 4 ni dokezo. Kuhesabu huanza kwa sifuri, kwa kuwa zinazohesabiwa ni nafasi zilizo kati ya herufi, na nafasi ya kwanza iko kabla ya herufi yoyote. Hapa watoto watakosea, na mwalimu pia. Afadhali ajizoeze usiku uliotangulia.

Kihariri wakipokea karatasi, hupiga mstari mahali palipotajwa bila kuuliza sababu. Kisha badilisha Mchambuzi: weka kundi la Hesabu, na ubaoni iandikwe 7 + 5 = 13. Kihariri hawakujifunza lolote jipya, na kazi inaendelea vilevile.

Sehemu ngumu ni inayofuata. Mchambuzi wa Kiswahili anataka kuonyesha kwamba neno kitabu ni la ngeli ya KI-VI, ingawa neno hilo halina kosa. Karatasi haina mahali pa habari hiyo. Nilipolifundisha somo hili mara ya kwanza, katika shule moja ya tarafa ya Mgeta, watoto waliichomeka ndani ya karatasi ya makosa, uzito 1. Kihariri wakapiga mstari chini ya neno lililo sahihi, na msichana aliyeliandika akalifuta. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa sikuwa nimewapa kanuni ya kupanua.

Kanuni hiyo imo katika itifaki yenyewe. Pande mbili zinapoanza, huamkiana, na kila mmoja hutaja ayawezayo. Pamewekwa pia mahali pa kutaja mambo ya majaribio. Ujumbe mpya hupewa jina lake wenyewe, wala haubadilishi maana ya ujumbe wa zamani. Anayeulizwa asilolijua hujibu kwamba halijui, kwa namba -32601. Kunyamaza hakufai, maana muulizaji atabaki akingoja. Arifa inayoanza kwa alama $/ yaweza kupuuzwa na asiyeijua, na kazi ikaendelea. Rudia mchezo kwa kanuni hii, ukiweka makundi mawili ya Kihariri, moja linalojua karatasi ya ngeli na jingine lisiloijua. Yote mawili yamalize kazi.

Upanuzi uliofanywa hivi waweza hata kuwa mali ya wote. Mchambuzi wa lugha ya Rust aitwaye rust-analyzer alikuwa na ujumbe wake binafsi wa kuonyesha, ndani ya mstari, aina ya kitu ambayo mwandishi hakuiandika. Mwaka 2022, katika toleo la 3.17, vidokezo vya namna hiyo viliingizwa katika itifaki. Ni sawa na karatasi yetu ya ngeli.

Kwa kupima, watoto wajaze karatasi ya sentensi hii: Ng'ombe kimelala. Jibu ni kutoka 8 hadi 16. Atakayeandika 6 hadi 14 asipewe sifuri: ameihesabu ng' kuwa herufi moja, kama alivyofundishwa katika kusoma, ilhali mashine huhesabu n, g na kile kikoma cha juu kila kimoja peke yake. Mwulize alivyohesabu kabla ya kumsahihisha.