Mama mkwe anasema nitulie

Swali: Daktari, nina mimba ya kwanza, miezi mitano. Nimezoea kutembea kila jioni, lakini mama mkwe ananikataza, anasema mimba itatoka. Nifanyeje?

Jibu: Endelea kutembea, dada. Mimba isiyo na matatizo haitoki kwa sababu ya kutembea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri mjamzito asiye na tatizo afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Ukiweza kuongea bila kukatika pumzi, mwendo wako unafaa. Kisukari cha mimba nacho hupungua kwa wanaojishughulisha.

Ndoo ya lita 20 kichwani ni jambo jingine kabisa. Huo ni mzigo, na mumeo aubebe. Usifanye mazoezi ukiwa umelala chali. Tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Jua kali likwepe.

Ukiona damu, maji yakivuja, ukipata kizunguzungu au tumbo likibana kwa vipindi, acha mara moja uende kituo cha afya.

Na mama mkwe, mwombe akusindikize kliniki safari ijayo, amsikie mkunga mwenyewe.