Mashine ya kuchonga kwanza, kompyuta ya maji baadaye

Anayetaka kompyuta inayopozwa kwa maji kwa kawaida huanzia kwenye kompyuta yenyewe. Hununua pampu, rejeta na mipira, halafu hukwama kwenye bloku, yaani kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa na kupitishiwa maji ndani. Ya dukani ni ghali, na mara nyingine inafika ikiwa na matundu ya bolti yasiyolingana na ubao wako. Hayo yalinipata. Nikaamua kuichonga mwenyewe, na kwa kuwa sikuwa na mashine ya kuchongea, ikabidi niunde mashine kwanza. Kazi niliyoipangia mwezi mmoja ilikula miezi tisa, na karibu minne kati ya hiyo niliimaliza nikisahihisha makosa ambayo ningeyaona kwa uzi na karatasi kabla sijawasha chochote.

CNC ni mashine inayoongoza kisu kwa namba: unaiambia kisu kiende wapi, kwa kasi gani, kichimbe kina gani. Ya kwanza ilioneshwa MIT, Marekani, mwaka 1952, ikisoma maagizo kutoka kwenye kanda ya karatasi iliyotobolewa, na ubongo wake ulikuwa makabati yaliyojaa valvu. Leo ubongo huo unaenea kwenye kibao cha Arduino Uno kinachokaa kiganjani, ukipakia humo GRBL, programu ya bure iliyoanzishwa na Simen Svale Skogsrud mwaka 2009. Usiumize kichwa juu ya ubongo. Hiyo ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kinachokushinda ni chuma.

Amua ukubwa kwanza, na uamue kidogo. Kwa bloku ya kompyuta, eneo la kazi la milimita 300 kwa 400 linatosha na kubaki. Tamaa ya kuunda mashine ya kuchonga mlango mzima ndiyo inayowaangusha wengi, maana boriti ikirefushwa mara mbili, hupinda mara nane zaidi kwa mzigo uleule. Kinyume chake pia ni kweli: ukiongeza kimo chake mara mbili, ugumu wake unakaribia mara nane. Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza kimo cha boriti inayobeba kisu. Plaiwudi nzuri au mbao kavu ya mninga itakupa mashine ya kuchonga mbao na plastiki. Shaba inataka chuma.

Mimi nilitumia bomba za mraba za milimita 50, unene wa 3, nikampelekea fundi wa kuchomelea. Mwambie mapema kwamba hiki si kitanda wala geti. Ashike kona zote kwa vinukta kwanza, apime, ndipo achomelee kidogo huku na kidogo upande wa pili, maana joto la kuchomelea huvuta chuma. Akimaliza kona moja yote kabla ya kugusa nyingine, fremu itakuja imejikunja.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilipima mishazari miwili ya fremu yangu kwa futi, ikalingana hadi milimita, nikashangilia. Mishazari ikilingana maana yake kona ziko sawa ukiitazama fremu kutoka juu. Haisemi lolote kuhusu kona moja kuinuka kuliko nyingine. Nilifunga reli, mota na kila kitu, na kipande cha kwanza kikatoka na kina cha milimita 2 upande huu na milimita 3 upande ule. Dawa yake ni uzi wa mwashi. Funga uzi kutoka kona hadi kona ya pili, kisha mwingine ukiukata wa kwanza msalaba, zote mbili zikivutwa vizuri juu ya uso wa fremu. Pale katikati nyuzi zinatakiwa zigusane tu. Zikiachana au mmoja ukiusukuma mwenzake, badilisha: wa juu uwe wa chini, utazame tena. Zikigusana tu pande zote mbili, fremu haijajipinda. Jaribio hili ni la dakika tano, na pimamaji haliwezi kulifanya vizuri kama uzi.

Palipo na bonde, weka vipande vya kopo la soda chini ya reli. Bati la ubavu wa kopo lina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa hiyo unajua umeinua kiasi gani. Kaza reli ya kwanza, kisha ya pili ifunge kwa kulegeza huku ukiliendesha gari la boriti mbele na nyuma kwa mkono. Likikwama sehemu, hapo reli zinabanana. Usifunge mota hadi gari liteleze kwa kidole kimoja, kwa sababu mota itaficha ubanaji huo, kisha itaanza kuruka hatua ukiwa katikati ya kazi.

Tuje kwenye mota. Tafuta zile za hatua, ukubwa wa NEMA 23. Hiyo 23 maana yake uso wake una upana wa takriban inchi 2.3. Nyingi hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ukiweka dereva, yaani kile kibao kinacholisha mota umeme, igawanye kila hatua mara nane, zinakuwa 1600. Skrubu yangu ni ile ya gololi, unene wa milimita 16, na kila mzunguko inasogeza milimita 5. Gawanya 1600 kwa 5: hatua 320 kwa milimita. Namba hiyo unaiandika kwenye GRBL kama $100=320 kwa mhimili wa X, na $101 na $102 kwa Y na Z. Kisha amuru mashine isogee milimita 100, upime kwa kalipa. Ikienda 98, wengi watakwambia ubadilishe namba hadi isome 100. Kwa skrubu ya gololi, mimi nasema usifanye hivyo. Skrubu haiwezi kukosea milimita mbili nzima; kuna kiungo kinachoteleza kwenye ekseli ya mota au hatua zinazopotea. Ukirekebisha namba, umeufunika ugonjwa shuka. Na usichomoe waya wa mota dereva ikiwa na umeme. Dereva nyingi zimekufa hivyo.

Weka swichi za mwisho kwenye kila mhimili. Wanaoishi kwenye umeme usiokatika huziona za anasa. Kwetu ni lazima. Umeme ukizimika katikati ya kazi, mashine inasahau iko wapi, lakini GRBL inakumbuka sehemu uliyoweka kama sifuri ya kazi, G54, kwenye kumbukumbu isiyofutika. Ukirudi, unaandika $H, mashine inakwenda kugusa swichi zake, na kuanzia hapo inajua tena kila kitu kilipo. Bila swichi hizo, shaba yako ya wiki nzima inageuka chuma chakavu. Swichi ya dharura nayo iwe inakata umeme wa spindeli moja kwa moja, isitegemee programu.

Spindeli ndiyo mota inayozungusha kisu. Za kupozwa kwa maji ni tulivu kuliko za feni, na nyingi huzunguka mara 24,000 kwa dakika zikilishwa umeme wa hezi 400. Umeme huo unatoka kwenye kibadilisha masafa, ambacho mafundi hukiita inverta ingawa si ile ya sola. Sikiliza hapa vizuri: inverta nyingi zinatoka kiwandani zimepangwa kwa mota za kawaida za hezi 50. Ukiwasha bila kubadilisha masafa ya msingi yawe 400, spindeli inapewa volti zote katika hezi 50, na koili zinaungua kabla hujajua harufu inatoka wapi. Soma kijitabu, weka namba, ndipo uunganishe. Mwili wa spindeli na fremu vifungwe waya wa ethi.

Maji ya spindeli hayahitaji makuu: ndoo ya lita 20 na pampu ndogo ya tangi la samaki. Ikiwa joto linaloingia ni wati 200, lita hizo 20 zitapanda digrii moja kila dakika saba hivi, hata kama ndoo haitoi joto lolote kwa hewa. Unaweza kufanya kazi saa nzima bila wasiwasi. Ila usiwashe spindeli kabla hujaona maji yakirudi kwenye ndoo kwa macho yako.

Kabla ya kisu, funga kalamu. Chora mraba na duara kwenye karatasi, upime mishazari ya mraba. Kisha chonga sponji ngumu, kisha mbao, kisha plastiki. Mtu anayeruka kutoka kalamu hadi shaba siku moja, namjua. Ni mimi, na nilivunja visu vinne kabla ya chakula cha mchana.

Bloku yenyewe. Tafuta bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 6. Shaba ya njano ni rahisi kuchonga, lakini hupitisha joto vibaya zaidi. Chora mifereji yenye upana wa milimita 2 na kina cha 4, kuta kati yake milimita 1.5, ili chini ibaki milimita 2 za kugusana na prosesa. Matundu ya bolti ndiyo yanayotofautiana kulingana na soketi ya prosesa: AM4 ni milimita 54 kwa 90, LGA1200 ni 75 kwa 75, LGA1700 ni 78 kwa 78. Shaba nyekundu ni kama ubani, hung'ang'ania kisu. Kwa kisu cha milimita 2 mimi huzungusha 12,000, mwendo wa milimita 300 kwa dakika, kina cha 0.15 tu kila pito, na matone ya mafuta mepesi. Vaa miwani. Glovu vua, maana kisu kikikamata kitambaa kinavuta na mkono.

Uso unaogusa prosesa uusugue juu ya kioo cha dirisha kilichobandikwa msasa wa maji, namba 400 hadi 1000. Kioo ndicho kitu bapa kuliko vyote nyumbani kwako. Kifuniko chonga kwenye pleksi ya milimita 12, na kamwe usiipanguse kwa spiriti, itaota nyufa. Oringi ya milimita 2 ipe mfereji wa kina cha 1.5, ikandamizwe robo yake. Matundu ya maji yana hesi ya robo inchi, ileile ya Kiingereza wanayoijua mafundi bomba wetu. Toboa milimita 11.8 kisha kata hesi. Hapa ndugu zangu wa mabomba watataka kuzungusha tepu nyeupe. Isitumike. Kinachozuia maji ni oringi ya kiungo chenyewe, na pleksi inayokazwa kwa nguvu inapasuka.

Rejeta ichague ya shaba, kwa kuwa alumini na shaba zikiishi kwenye maji mamoja, alumini inaliwa. Rejeta nyingi za magari ya leo ni alumini, hivyo ile ya bure gereji kwa jirani iache hukohuko. Usibishane sana kuhusu mpangilio wa mipira. Kwa joto la wati 300 na mtiririko wa lita 4 kwa dakika, maji yanayotoka yanazidi yanayoingia kwa digrii moja tu. La muhimu ni tangi dogo liwe juu ya pampu, isije ikazunguka kavu. Na elewa kwamba maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba: chumba cha Dar es Salaam kikiwa digrii 32, huko ndiko unakoanzia.

Tumia maji yaliyotoneshwa. Ukienda kituo cha mafuta kuomba maji ya betri, soma chupa, kwa sababu watu wengine huita asidi kwa jina hilohilo. Ongeza kulanti kidogo kuzuia kutu na ule utando wa kijani.

Sasa jaribio la mwisho. Chomoa nyaya zote zinazokwenda kwenye ubao mama na kadi ya picha. Iache pampu peke yake, na uiamshe pawasaplai kwa kuunganisha tundu namba 16 la plagi ya ubao mama, lenye waya wa kijani kwenye pawasaplai nyingi, na waya wowote mweusi wa plagi ileile. Jaza tangi, washa sekunde chache, zima kabla halijakauka, jaza tena. Mzunguko ukishajaa, funga karatasi ya chooni kwenye kila kiungo na chini ya bloku, kisha acha pampu iende saa 24. Karatasi zikibaki kavu zote, rudisha nyaya na uwashe kompyuta. Kikilowa hata kipande kimoja, kaza pale, pangusa, weka karatasi mpya na uanze kuhesabu saa upya.